Nyumba Njema Si Mlango: Namna ya Kuipima Tovuti Iliyofanywa Upya

(Maneno ya hotuba iliyotolewa kwa niaba ya Kamati ya Elimu ya Wanachama, mbele ya Mkutano wa Wajumbe, katika sherehe za kutimiza miaka kumi ya Chama Kikuu chetu)



Tumepewa heshima ya kusema mbele yenu katika siku hii ya furaha, na tungeweza kuitumia nafasi hii kuyasifu yaliyotendwa katika miaka kumi iliyopita. Lakini wenzetu waliotutangulia wamekwisha kuyasifu, tena vizuri kuliko tuwezavyo sisi. Kwa hiyo tumeonelea afadhali tuseme juu ya jambo lililo mbele yetu, ambalo mtatakiwa kulikata kwa kura zenu. Jambo hilo ni tovuti ya wanachama. Mafundi wameiletea sura mpya, na Halmashauri imeagiza ya kwamba isipokewe wala isikataliwe mpaka Wajumbe wameitazama.

Kwa faida ya wale ambao hawajaizoea, tovuti hiyo ni mahali ambapo wanachama hukutana kwa njia ya simu. Mkulima wa mlimani huuliza habari ya chulebuni iliyoingia katika kahawa yake, na mkulima wa bondeni aliyekwisha kupambana na ugonjwa huo humjibu. Bei hubandikwa humo, na mashauri ya vyama vya msingi husomwa humo. Ofisi iliijenga nyumba, lakini waliojaza vyumba kwa maneno yenye manufaa ni wanachama wenyewe, nao hawakulipwa hata senti moja.

Sasa sura mpya imeletwa. Ina picha kubwa za rangi na herufi nyembamba za kijivu. Matangazo ya ofisi na ya wauza pembejeo yametangulia mbele, na maswali ya wanachama yamewekwa ndani, nyuma ya mlango wa pili. Wapo walioipenda mara walipoiona, na wapo walioichukia mara walipoiona. Kamati yetu yaona ya kwamba wote wawili wamefanya haraka. Wahenga walisema, kipya kinyemi ingawa kidonda. Nao hao hao walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Mithali hizi mbili zatuonya kuwa upya si sifa wala ukale si sifa. Hapana budi pawe na kipimo.

Nasi twasema ya kwamba tovuti ya jumuiya haipimwi kwa uzuri wa uso wake, wala kwa ukubwa wa kelele za wiki ya kwanza. Hupimwa kwa swali moja: je, kazi aliyokuwa akiifanya mwanachama, na sauti aliyokuwa nayo, vingali mikononi mwake? Ili msidhani kuwa tumelitunga neno hili usiku wa kuamkia leo, tutawaeleza yaliyowapata wengine ulimwenguni waliobadilisha nyumba za namna hii.

Kelele si kipimo

Tarehe 5 Septemba 2006, tovuti ya Facebook ya Marekani ilibadilishwa. Kabla ya siku hiyo, mtu aliyetaka kujua habari za rafiki yake ilimlazimu aende kwenye ukurasa wa rafiki huyo. Tangu siku hiyo, habari zote za marafiki zilikusanywa na kutandazwa mbele yake mara alipofungua mlango. Kelele zikapanda hata mbinguni. Katika siku chache tu, watu zaidi ya 700,000 walijiunga katika kundi moja la kuyapinga mabadiliko hayo.

Kama kelele zingekuwa kipimo, jambo hilo lingefutwa wiki ile ile. Halikufutwa. Likadumu, na baadaye likawa ndilo jambo ambalo wengi huifungulia tovuti hiyo. Lakini tusikimbilie kusema ya kwamba waliolalamika walikuwa wajinga. Lalamiko lao lilikuwa na kiini cha kweli: habari zao zilikuwa zikitangazwa kwa wengine bila wao kuwa na uwezo wa kuchagua. Tarehe 8 Septemba mkuu wa kampuni aliomba radhi, na watu wakapewa njia ya kuchagua mambo yapi yatangazwe na yapi yasitangazwe. Basi hapa twajifunza mambo mawili. Wingi wa malalamiko hauonyeshi kuwa badiliko ni baya. Hata hivyo, kila lalamiko yafaa lipepetwe kama nafaka katika ungo, ili makapi yapeperuke na punje ibaki.

Nyumba iliyohamwa

Mfano wa pili ni mchungu zaidi. Mwaka 2004 ilianzishwa, huko huko Marekani, tovuti iitwayo Digg. Mtu yeyote aliyejiandikisha aliweza kuleta humo habari aliyoiona popote katika intaneti. Wengine waliipigia kura ya kuipandisha, au waliizika kama hawakuiona kuwa na maana, na habari iliyopata kura nyingi ikapanda ukurasa wa mbele. Hapakuwa na mhariri mkuu aliyekaa juu ya wote. Ukurasa wa mbele ulikuwa matunda ya kura za watu.

Tusifiche ya kwamba nyumba hiyo ilikuwa na kasoro zake. Watu wachache wenye bidii nyingi walikuwa na nguvu kupita kiasi katika kuchagua habari, na tovuti nyingine zilikuwa zikiwavuta wasomaji. Wenyewe walikuwa na haki ya kutaka kutengeneza. Tarehe 25 Agosti 2010 walifungua tovuti iliyofanywa upya kabisa, uso na mitambo ya ndani pia. Uwezo wa kuizika habari uliondolewa. Mashirika ya habari yaliruhusiwa kuingiza habari zao moja kwa moja kwa mitambo, bila mtu yeyote kuzileta kwa mkono wake. Mambo mengine ambayo watu walikuwa wameyazoea yakatoweka. Zaidi ya hayo, tovuti yenyewe ilikuwa ikizimika mara kwa mara katika siku za mwanzo.

Watu walifanya nini? Hawakuishia kulalamika. Mwisho wa mwezi ule ule walitumia kura zile zile walizobakiwa nazo kuujaza ukurasa wa mbele habari za kutoka Reddit, yaani tovuti ya jirani aliyekuwa mshindani. Kisha wengi wakafunga virago wakahamia huko. Haikuwezekana kurudi katika sura ya zamani, kwani mitambo ya ndani nayo ilikuwa imebadilishwa. Mwezi wa Oktoba wenye tovuti waliomba radhi na kuahidi kurudisha baadhi ya yaliyoondolewa, na mwezi huo huo walipunguza wafanyakazi wao kwa asilimia 37. Mwezi wa Julai 2012 jina la Digg na tovuti yake vikauzwa, na bei iliyotangazwa katika magazeti ilikuwa dola 500,000 tu.

Ndugu Wanachama, tafadhalini mlipime jambo hili. Walioondoka hawakuondoka kwa sababu rangi iliwachukiza. Waliondoka kwa sababu mwenye kuleta habari amefanywa mtazamaji, na mahali pake pamekaliwa na mashirika. Mkulima akikuta kwamba chama chake kimewapa wafanyabiashara viti vya mbele, naye amewekwa ukumbini asimame, hatauliza ukuta umepakwa rangi gani. Atatafuta mlango wa kutokea.

Nyumba iliyojengwa kwa majaribio

Mfano wa tatu watuhusu kwa lugha yetu wenyewe. Wikipedia, kamusi elezo iliyoanza mwaka 2001, huandikwa na watu wanaojitolea, na ile ya Kiswahili ilianza mwaka 2003. Tangu mwaka 2010 ilikuwa na sura moja iliyozoeleka. Mwaka 2019 shirika linaloitunza, Wikimedia Foundation, lilianza kazi ya kuitengeneza sura hiyo kwa wenye kutumia kompyuta. Halikuifungua kwa lugha zote siku moja. Tangu mwaka 2020 lilianza na lugha chache, Kifaransa kikiwa miongoni mwake, likaongeza kidogo kidogo, na ilipofika tarehe 18 Januari 2023 ndipo Wikipedia ya Kiingereza ilipobadilishwa.

Yaliyobadilishwa yalikuwa ya kiasi. Orodha ya yaliyomo iliwekwa pembeni, isipotee msomaji anaposhuka chini. Mistari ya maandishi ilifupishwa, jicho lisichoke. Mahali pa kutafutia pakawekwa wazi zaidi, na shirika lilieleza kuwa katika majaribio yake utafutaji uliongezeka kwa asilimia 30. Hiyo ni hesabu, wala si maneno ya kujisifu tu.

Hata hivyo hawakukosekana wapinzani. Wengi walichukizwa na nafasi nyeupe tupu pembeni mwa maandishi, na wengine walisema kuwa njia ya kwenda lugha nyingine imefichwa. Iliripotiwa mwaka 2023 ya kwamba wahariri wa Wikipedia ya Kiswahili walipiga kura kwa kauli moja kutaka sura ya zamani irudishwe. Upande wa Kiingereza nako palikuwa na mjadala mrefu, nao ukafungwa bila mwafaka wa kurudi nyuma. Lakini hapa pana tofauti kubwa na habari ya Digg. Kila aliyejiandikisha aliachiwa uwezo wa kuchagua sura ya zamani kwa ajili yake mwenyewe, na kitufe cha kupanua maandishi kiliwekwa. Hakuna mhariri aliyenyang'anywa kalamu. Kwa hiyo ugomvi ulikuwa mkali, lakini nyumba haikuhamwa.

Kura ile ya wahariri wa Kiswahili yatufundisha jambo la kuangaliwa. Hesabu za majaribio zaweza kuonyesha faida kwa wasomaji wote kwa jumla, na wakati huo huo wale wachache wanaobeba kazi wakaona taabu. Mwenye kupima hana budi kusikiliza pande zote mbili. Akisikiliza hesabu peke yake atakuwa kiziwi, na akisikiliza watu peke yao atapelekwa na upepo.

Shamba la majaribio

Labda mtauliza, sisi wakulima tuna ujuzi gani wa kuhukumu mambo ya mafundi wa kompyuta? Twajibu ya kwamba tunao, na tena njia wanayoitumia mafundi hao imetoka shambani. Wanapotaka kujua kama sura mpya ni bora, huwagawa watu makundi mawili bila upendeleo: kundi moja hupewa ya zamani na kundi la pili hupewa mpya, katika muda ule ule, kisha matokeo hulinganishwa. Hilo ni shamba la majaribio, wala si kitu kingine. Aliyeiweka njia hiyo katika kanuni za hesabu ni Ronald Fisher, aliyeanza kazi mwaka 1919 katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted huko Uingereza, akichunguza mavuno na mbolea. Vitabu vyake vya mwaka 1925 na 1935 vilienea katika kila elimu. Basi fundi wa leo anayepima vitufe anatembea katika matuta ya mkulima.

Na kila mkulima hapa ajua ya kwamba mbegu mpya haipandwi shamba zima kwa sifa za muuzaji. Hupandwa kipande. Tena hailinganishwi na mavuno ya mwaka jana, maana huenda mwaka jana mvua ilikosekana. Hulinganishwa na mbegu ya zamani iliyopandwa kando yake, katika msimu mmoja na udongo mmoja. Wala hahukumu mbegu siku inapochipua. Watu wengi huingia katika tovuti mpya siku za kwanza kwa kuwa wana shauku ya kuona, na wengine hukasirika siku za kwanza kwa kuwa vidole vyao vimezoea njia ya kale. Shauku na hasira zote mbili hupungua. Kitakachobaki baada ya miezi mitatu ndicho mavuno.

Vipimo tunavyopendekeza

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo twashauri ya kwamba vipimo viandikwe kabla ya jaribio kuanza, asije mtu akachagua baadaye kipimo kitakachomfurahisha. Kamati yetu imeandika vitano.

Kwanza, kazi. Achukuliwe mwanachama ambaye hakushiriki katika kuitengeneza tovuti, apewe kazi tatu: atafute bei ya wiki hii, aulize swali juu ya kutu ya majani, na asome mashauri ya chama chake cha msingi. Asisaidiwe, wala asielekezwe kwa kidole. Aandikwe amekwama wapi na ametumia muda gani. Hatuhitaji mamia ya watu kwa kazi hii. Jakob Nielsen, mtaalamu wa mambo haya, aliandika mwaka 2000 kuwa majaribio ya watu 5 hufichua kasoro nyingi. Na faida ni kutengeneza, kisha kujaribu tena kwa watu 5 wengine.

Pili, majibu. Yahesabiwe maswali ya wanachama: ni mangapi yaliulizwa, mangapi yalijibiwa, na jibu lilichukua siku ngapi. Idadi ya wanaopita mlangoni si kitu ikiwa wanaouliza hawajibiwi.

Tatu, wabeba mizigo. Mwaka 2006 mtaalamu huyo huyo alieleza kuwa katika jumuiya nyingi za intaneti watu 90 katika 100 husoma tu, 9 huchangia kidogo, na 1 hufanya sehemu kubwa ya kazi. Sisi nasi twawajua wetu: wale wazee kwa vijana wanaojibu maswali usiku wakisha toka shambani. Waulizwe mmoja mmoja, na iangaliwe kama wangali wakijibu. Wakiondoka hao, waliobaki watakuwa na nyumba nzuri isiyo na mazungumzo.

Nne, mnyonge. Tovuti isipimwe kwa simu ya fundi aliye mjini. Ipimwe kwa simu ndogo yenye kioo kilichopasuka, mahali ambapo mtandao hushika ukipanda kilima, na kwa macho ya mzee. Ihesabiwe picha zile kubwa zamla mwanachama kiasi gani cha kifurushi chake. Kuhusu herufi za kijivu, kanuni za kimataifa zilizotolewa mwaka 2008 zataka mwanga wa herufi za kawaida na wa mahali zilipoandikwa upishane kwa kiasi kisichopungua 4.5 kwa 1. Jambo hilo hupimwa kwa chombo, halihitaji ubishi.

Tano, sauti. Iandikwe orodha ya kila jambo ambalo mwanachama aliweza kulifanya katika tovuti ya zamani: kuuliza, kujibu, kusahihisha, kupinga, kupiga kura. Mbele ya kila jambo iandikwe kama lingalipo, limehamishwa wapi, au limeondolewa na nani kwa sababu gani. Hiki ndicho kipimo kikuu. Tovuti yaweza kushinda vipimo vinne vya kwanza, na bado ikawa imempora mwanachama. Hapo itakuwa imeshinda kama duka, na imeshindwa kama ushirika. Tangu wale wafumaji wa Rochdale, Uingereza, walipoanzisha chama chao mwaka 1844, ushirika umetambulikana kwa alama hii, ya kwamba mwanachama ndiye mwenye nyumba.

Shauri letu

Basi twaleta mbele ya Wajumbe shauri hili. Sura mpya ijaribiwe katika vyama vya msingi vinne, viwili vya mlimani na viwili vya bondeni, kwa msimu mmoja. Vyama vilivyobaki viendelee na ya zamani. Ya zamani isibomolewe mpaka kura yenu ipigwe, kwani tumeona yaliyowapata waliobomoa daraja nyuma yao. Matangazo ya wauza pembejeo yahamishwe pembeni tangu mwanzo wa jaribio, na maswali ya wanachama yarudi mbele. Kwa jambo hili hatuoni haja ya kungoja hesabu, maana ni suala la umiliki wala si la urembo. Matokeo yabandikwe katika kila ofisi ya chama cha msingi, mazuri na mabaya, ili kila mmoja ayasome kabla ya Mkutano Mkuu.

Twajua wapo watakaosema ya kwamba njia hii ni ndefu, na kwamba mafundi wamekwisha kulipwa. Twawajibu kwa heshima ya kwamba fedha iliyokwisha kulipwa hairudi kwa kufanya haraka. Mafundi wamefanya kazi yao kwa uaminifu, wakatengeneza walichoagizwa. Kazi ya kusema kama kilichoagizwa ndicho kitufaacho ni kazi yetu sisi wenye mali, na hatuwezi kumkabidhi mtu mwingine.

Nyumba njema si mlango. Fungua uingie ndani. Mlango wa tovuti hii mmekwisha kuuona, nao wapendeza. Tunawaomba Wajumbe mtupe msimu mmoja tuingie ndani, tuhesabu vyumba, na tuulize kama mwenye nyumba angali na funguo zake.

Ushirika wetu udumu.